Kikombe kwa Kila Shahidi

Kile kitenge cha maua ya njano tulikinunua pamoja, mimi na Brightness, siku ya mnada. Tukakigawa katikati. Yeye akashona sketi, mimi nikakifanya mbeleko ya kumbebea mwanangu Elineema. Mabaki tulikata vitambaa vyembamba tukafunga kwenye mifuko yetu ya kazini kama alama. Wa Brightness ulikuwa na fundo moja, wangu mafundo mawili. Tulikuwa tukicheka kwamba hata mifuko yetu ni mapacha.

Kazi yetu ni kuchambua mbaazi katika ghala la Abdulsalam, ambaye sote tunamwita tajiri, hapo Nangara. Tuko wanawake kumi na wanne na kila mmoja ana namba. Brightness ni nane, mimi ni tisa. Tunakaa turubai moja tukiangaliana, na katikati yetu lundo la mbaazi lililokuja na mawe yake, vijiti vyake na wadudu wake. Unapepeta, unachagua, unajaza mfuko wako. Jioni mnyapara wetu, Rogath, anapima na kuandika kwenye daftari, mfuko unamwagwa kwenye mzigo wa tajiri, unarudishiwa mtupu na alama yako, unautundika kwenye msumari pamoja na mingine. Mfuko mmoja ndiyo siku moja. Usipojaa, siku hiyo inaandikwa tupu na hulipwi. Ukipata siku mbili tupu katika mwezi mmoja, namba yako inakwenda getini, kwa wale wanawake wanaokaa nje tangu saa kumi na mbili asubuhi wakisubiri mmoja wetu aanguke.

Rogath hataki kusikia habari ya homa wala ya msiba. Ndiyo maana tuna bakuli. Sijui nani alianzisha, nililikuta. Mwenzetu akikosekana kwa sababu ya kweli, yule wa turubai lake anautoa mfuko wake katikati ya ghala, na kila mwanamke anatia bakuli moja, lile kubwa la plastiki la bluu, kutoka kwenye mbaazi zake mwenyewe alizokwisha kuchambua. Mabakuli kumi na matatu yanajaza mfuko. Nilipojifungua Elineema nilijaziwa mifuko sita namna hiyo. Rogath anaona na kunyamaza, maana mzigo ni ule ule. Anachokataza ni mtu kumhamishia mwenzake mfuko mzima, kwa sababu mwaka juzi watu waliuziana mifuko mpaka namba zikawa za watu wasiokanyaga ghalani.

Sasa, mwezi wa nane, lori lililokuja kupakia lilirudi nyuma bila mtu wa kuliongoza, likamgonga Mzee Dominiko anayeuza kahawa na kashata pale getini, likamvunja mguu. Mimi na Brightness tulikuwa tumetoka na nyungo zetu kupepetea nje, kwenye upepo. Tulioona ni sisi wawili tu. Tukaandika maelezo polisi. Mwezi wa kumi ulipoanza, kila mmoja akaletewa hati ya wito, siku moja, Jumanne, saa tatu asubuhi.

Nilijiandaa, sitaficha. Jioni tatu kwa wiki nasoma masomo ya sekondari niliyoyaacha kidato cha pili, na mwalimu wetu hunisimamisha mbele nisome kwa sauti. Brightness aliishia darasa la saba na wala hajifichi. Kwa hiyo moyoni nilijua siku hiyo itakuwa yangu. Tukiwa njiani nikamfundisha.

"Usimwite hakimu bosi. Sema mheshimiwa."

"Nikisahau?"

"Usisahau."

"Basi nitakuangalia wewe," akasema.

Hakuniangalia, maana alianza kuitwa yeye, na shahidi ambaye zamu yake haijafika haruhusiwi kuingia. Nikakaa kwenye benchi nje. Sikusikia maneno ila mara moja nilisikia watu wakicheka kule ndani, kicheko kizuri, cha watu waliopendezwa. Alipotoka, mwendesha mashtaka alitoka nyuma yake, kijana wa koti jeusi, akamwambia, "Wewe ni shahidi mzuri sana. Ungekuwa unawafundisha wengine." Brightness akajifunika mdomo na mkono. Nikajisemea, subiri aniite mimi. Hakuniita. Kukawa na kesi nyingine yenye watu wengi, na yetu ikaahirishwa mpaka Alhamisi ya wiki inayofuata. Brightness alikuwa amemaliza. Mimi nirudi.

Karani alituita dirishani. Alikuwa mama mpole mwenye miwani, na alieleza polepole. Brightness ametoka Bonga, kwa hiyo ana nauli ya kuja na kurudi, asaini hapa. Mimi wa Nangara nimetembea kwa miguu, nauli sina.

"Na siku yangu ya kazi, mama?" nikauliza. "Nikija hapa silipwi kule."

"Kuna fomu ya ujira uliopotea. Ambatanisha barua ya mwajiri wako, iseme unafanya kazi kwake na siku hiyo hukulipwa kwa sababu ulikuwa hapa. Ukiileta itaangaliwa. Bila barua hata nikiipokea haitakwenda popote."

Nikaikunja fomu nikaiweka kwenye pochi. Brightness akaichukua nauli yake akaninunulia maji ya parachichi na chapati kwenye kibanda cha jirani. Alifanya hivyo kwa furaha, kama mtu aliyeokota. Nikanywa. Yalishuka kama dawa ya minyoo.

Tulirudi ghalani saa tisa. Wenzetu walikuwa wametutilia bakuli. Mfuko wa Brightness ulikuwa umejaa, umeshonwa mdomo kwa sindano ya magunia. Wangu ulikuwa umefika nusu, umejikunja kwa aibu.

"Tulianza na nane," alisema Mama Sosthenes, mkubwa wetu. "Mbaazi za leo zilikuwa chafu, mama Elineema, na sisi tulikuwa kumi na wawili kwa mifuko miwili. Tukaishiwa."

"Ndivyo tulivyofundishwa kuhesabu," akadakia Hadija, ambaye hawezi kukaa bila kuchekesha. "Nane, halafu tisa."

Brightness akamfuata Rogath na kumwambia agawanye, wote tupate sawa. Rogath hakuinua hata macho. "Nikigawanya nitakuwa na mifuko miwili ya robo tatu. Nitawaandika tupu wote wawili. Nane, mfuko. Tisa, tupu."

Nikamwomba barua ya mahakamani.

"Barua ya nini?"

"Ya mwajiri. Iseme nafanya kazi hapa."

"Wewe si mwajiriwa," akasema. "Wewe ni namba tisa."

Hiyo ikawa siku yangu ya kwanza tupu. Alhamisi ijayo ikienda vilevile, ninakwenda getini.

Nataka kueleza vizuri kilichonipata baada ya hapo, kwa sababu hakikuja kama hasira. Hasira ningeijua. Kilikuja kwa vitu vidogo. Nilianza kuangalia ungo wa Brightness ulivyokuwa unapepeta bila kumwaga, nikaona anajionyesha. Nilianza kuhesabu wangapi wanamsalimia kabla yangu. Elineema akishushwa chini alikuwa anakimbilia kwanza kwenye sketi ile ya maua ya njano, kwa kuwa ilifanana na mbeleko yake, na Brightness ambaye hana mtoto alikuwa anambeba juu na kumpulizia tumboni. Zamani nilikuwa napumzika mikono hapo. Sasa nilikuwa nasema, "Mwache, atazoea kubebwa."

"Azoee tu," Brightness alijibu. "Wabebaji tupo."

Jumatano, siku moja kabla ya zamu yangu mahakamani, wakati wa uji wanawake walimwomba Brightness asimulie tena alivyohojiwa. Alisimama na kikombe chake. Akawa wakili wa dereva, akanyoosha shingo: wewe mama, umesema lori lilirudi nyuma haraka, haraka ni nini, una kipimo? Halafu akawa yeye mwenyewe. "Nikamwambia, mheshimiwa, kipimo sina, ila kahawa ya Mzee Dominiko ilikuwa bado hewani wakati birika liko chini." Ghala zima likacheka. Nikaelewa kile kicheko nilichokisikia nikiwa benchini. Mimi na kidato changu cha pili nisingelipata neno lile hata kwa wiki nzima.

Mama Sosthenes akajifuta machozi ya kicheko, akasema, "Huyu ndiye alitakiwa asome."

Hakunitaja. Hakuniangalia hata. Lakini neno hilo liliniingia, likakaa.

Siku hiyo Brightness alipimiwa mapema akawahi gari la Bonga. Mimi nilibaki. Nikauangalia mfuko wangu na kile kitambaa chenye mafundo mawili, nikaona kwamba hata alama yangu ni kipande cha kitu chake. Nikayafungua mafundo kwa meno. Nikachomoa uzi mwekundu kwenye sweta ya zamani ya Elineema, nikausokota mara tatu na kuufunga. Kitambaa nikakitupa kwenye takataka za mbaazi. Kisha nikamwendea Rogath, maana alama ikibadilika lazima aandike.

"Mnanichosha," alisema. "Kwa hiyo kitenge cha njano sasa ni cha nani?"

"Ni cha nane peke yake."

Akafungua daftari, akaandika: tisa, uzi mwekundu, kitenge cha njano ni nane peke yake. Nikautundika mfuko msumarini pamoja na mingine. Sikumwambia mtu mwingine. Nilijua wenzangu watanitilia bakuli kesho bila kuombwa, ndiyo kawaida. Nilichotaka ni kwamba Brightness autafute mfuko wangu, aone tofauti, na iwe imemuuma kidogo kabla sijarudi. Nilitaka hilo, nalisema kama lilivyokuwa.

Alhamisi nilitoa ushahidi. Nilimpeleka Elineema kwa jirani anayelea watoto, nikafika saa mbili na nusu, nikaitwa saa nane mchana. Niliapa, nikasema mheshimiwa kila mahali palipohitajika. Wakili wa dereva aliniuliza kama nina hakika hapakuwa na mtu nyuma ya lori wa kuliongoza. Nikasema nina hakika. Akaniuliza kama sikuambiwa na mwenzangu cha kusema. Nikasema mwenzangu alikwisha kusema yake, mimi nasema niliyoyaona kwa macho yangu. Hakuna aliyecheka, wala hapakuwa na sababu ya kucheka. Hakimu alisema, "Asante, shahidi," na mwendesha mashtaka akaitikia kidogo kwa kichwa. Nilishuka pale nikijisikia vizuri kwa muda wa kama hatua kumi. Halafu nikatamani Brightness angekuwepo aone. Halafu nikachukia kwamba nimemtamani.

Dirishani karani akaniuliza habari ya barua. Nikamwambia mnyapara wetu anasema mimi ni namba.

"Hata namba inaandikwa mahali," akasema. "Leta chochote kilichoandikwa, kiwe na sahihi yake."

Nilifika ghalani inaelekea saa kumi na moja. Wanawake walikuwa wamekwisha kuondoka, Rogath anafunga mlango. Niliangalia msumarini. Mfuko wa uzi mwekundu ulikuwa palepale nilipouacha, umekunjwa kama nilivyoukunja mimi mwenyewe.

"Tisa, tupu," alisema Rogath, na safari hii alikuwa kama mtu asiyependa anachosema. "Ni ya pili. Asubuhi njoo uchukue ungo wako."

"Hawakunitilia?"

"Mimi naandika ninachopima. Nane alikuwa na mifuko miwili leo. Wewe hukuwa na hata punje."

Mifuko miwili. Sikumbuki nilivyotoka getini. Nakumbuka kiti cha Mzee Dominiko kilichobaki tupu pale tangu mwezi wa nane. Nilienda kumchukua mwanangu. Jirani akaniambia, "Mbona amekwisha kuchukuliwa? Na yule mwenzako wa sketi ya maua. Alisema kesi zinachelewa."

Nikatoka mbio. Nilimkuta Brightness barabarani, mahali anaposubiria gari la Bonga, amemweka Elineema kiunoni na wote wawili wanakula muwa. Mwanangu aliponiona hata hakunyoosha mikono.

"Shahidi wetu," Brightness akaanza. "Ulimwitaje? Mheshimiwa au bosi?"

"Nipe mtoto."

"Mbona hivyo?"

"Nauli umepata wewe," nikasema. "Sifa umepata wewe. Mifuko unapata miwili kwa siku. Na mtoto nikuachie?"

Brightness akamfuta Elineema utomvu wa muwa kidevuni, akanipa.

"Mama Elineema, mfuko wako umejaa mpaka nimeushona kwa shida. Bakuli la kwanza nilitia mimi."

"Mfuko wangu nimeuona kwa macho yangu. Uko msumarini, mtupu."

"Upi?"

"Wa uzi mwekundu."

"Uzi mwekundu ni wa nani?" akauliza, na alikuwa anauliza kweli. "Mimi nimetafuta wenye kitambaa chetu, mafundo mawili, sikuuona. Nikasema labda wapakiaji wameuchukua jana na mzigo. Nikaomba mfuko mpya stoo. Nikafunga kitambaa, mafundo mawili kama wako."

"Kitambaa ulikitoa wapi?"

Alivuta sketi yake kidogo pembeni. Upindo wa chini ulikuwa umechanwa upande mmoja, upana wa vidole viwili, na nyuzi za njano zinaning'inia.

Gari la Bonga likaja, kondakta akapiga bati. Brightness hakupanda.

"Uliubadilisha wewe?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Gari likaondoka. Brightness akakaa kwenye jiwe la barabara, akaanza kumenya kipande cha muwa kilichobaki kwa meno, polepole.

"Kule kwetu Bonga," akasema baadaye, "mimi nawasimulia watu kwamba nakaa turubai moja na mtu anayesoma sekondari. Nasema, ana mtoto, ana shule ya jioni, na hachoki. Wananiuliza, na wewe una nini? Nawaambia, mimi nina nauli ya Bonga." Akacheka kidogo peke yake. "Kesho tutamwambia Rogath."

"Hatakubali. Atasema unanihamishia mfuko."

"Basi itabidi useme ulibadilisha kwa nini. Mimi siwezi kukusemea. Sijui."

Alijua. Aliniachia tu nafasi ya kulisema mwenyewe.

Ijumaa asubuhi niliwakuta wote kumi na watatu wamekwisha kukaa kwenye maturubai, na mwanamke mmoja kutoka getini amesimama mlangoni na ungo wake mpya, ana kilemba safi. Alikuwa amekwisha kuambiwa. Hakuniangalia, nami sikumlaumu. Mimi niliingia hapa vivyo hivyo, kwa kuanguka kwa mwingine.

Brightness akamweleza Rogath. Rogath akafungua daftari, akageuza ukurasa ili sote tuone.

"Hapa imeandikwa: kitenge cha njano ni nane peke yake. Maneno ya tisa mwenyewe, juzi jioni. Halafu jana nane ana mifuko miwili ya kitenge, na leo anasema mmoja si wake. Nyie mmeona mwaka juzi watu walivyouziana. Kwa nini nisiseme na hawa wawili wameuziana?"

"Kwa sababu niliona," alisema Mama Sosthenes, akainuka kwa kushika magoti. "Nilitia bakuli langu kwenye mfuko wa mafundo mawili. Wa namba tisa."

"Na mimi," akasema Hadija. "Langu lilikuwa na jiwe moja, nikalitoa."

Wakainuka mmoja mmoja. Kila aliyeinuka alisema jambo lilelile, bakuli moja, mafundo mawili, namba tisa, na kila mmoja alisema kwa namna yake, mwingine kwa haraka arudi kazini, mwingine kwa kujivuta kana kwamba mbele yake kuna Biblia. Kumbe kumi na watatu walikuwa wamenitilia. Nami jana njia nzima nilikuwa nimewahesabia kila mmoja dhambi yake.

Rogath alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanigeukia.

"Haya. Mashahidi nimewasikia. Bado wewe. Alama ilikuwa nzuri, inajulikana na kila mtu, imekaa miaka miwili. Ukaja jioni, mwenzako ameondoka, ukaibadilisha. Kwa nini? Ukinipa sababu inayosimama, naandika. Usiponipa, yule mama pale mlangoni anaanza kazi."

Mahakamani nilikuwa nimeulizwa maswali magumu zaidi ya hilo na sikutetemeka. Lakini kule nilikuwa nasema habari ya lori. Niliangalia chini, nikaona miguu yao yote, vumbi la mbaazi limeipaka rangi moja.

"Nilimwonea wivu Brightness," nikasema.

"Sema kwa sauti," akasema Rogath. Sidhani alikuwa ananitesa. Masikio yake si mazuri, mashine ya kukoboa imeyaharibu.

"Nilimwonea wivu Brightness. Alipewa nauli mimi nikakosa. Mfuko wake ulijaa, wangu ukafika nusu. Alisifiwa kule, na hapa mkasema yeye ndiye alitakiwa asome. Sikutaka tena alama inayofanana na yake. Nilitaka aitafute aikose, imuume. Ndiyo sababu."

Mama Sosthenes alishika shavu.

"Mimi nilisema hivyo?" akauliza taratibu. "Kwamba yeye alitakiwa asome?"

"Ulisema, mama."

"Maskini. Nilikuwa nasema tu kwa kicheko."

"Basi hii sababu inasimama," Hadija akasema, "maana mtu hatungi uongo wa kujiaibisha hivi. Angetunga wa homa."

Hapo walicheka, na mimi, sijui ilikuwaje, nikacheka nao huku pua inanitoka. Brightness peke yake hakucheka. Alikuwa anachezea zile nyuzi za upindo wake, halafu akaacha.

Rogath hafuti daftari. Alichukua kalamu, akaandika chini ya mstari wa jana, akisoma kwa sauti kila neno: "Mfuko mmoja wa kitenge, mafundo mawili, ni wa namba tisa, Domitila, ambaye siku hiyo alikuwa shahidi mahakamani." Ilikuwa mara ya kwanza kusikia jina langu ndani ya ghala lile. Akasaini.

"Na Jumanne ile," nikasema.

"Jumanne ilikuwa tupu na imebaki tupu."

"Sisemi iwe mfuko. Andika tu nilikuwa wapi. Na uniruhusu ninakili yote mawili kwenye karatasi, uweke sahihi. Karani alisema kitu chochote kilichoandikwa kinatosha kuanzia."

Alinitazama kama anayetafuta mtego. Hakuuona. Nikanakili hapohapo, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote, na sahihi yake ikakaa chini. Iko ndani ya fomu sasa, nimeipeleka dirishani, mama wa miwani ameigonga muhuri wa kupokelewa. Amesema nisubiri. Nasubiri.

Yule mwanamke wa mlangoni alirudi getini na ungo wake. Siku ile sikuweza kumwangalia.

Tulipokuwa tunataka kukaa, Mama Sosthenes akagonga bakuli la bluu kwa kijiti.

"Ngojeni. Tumesimama hapa karibu nusu saa tunatoa ushahidi. Mimi ningekuwa nimejaza robo mfuko. Huyu amelalamikia siku yake aliyoipoteza mahakamani. Na nusu saa yetu sisi nani anaifidia?"

"Bakuli kila mmoja," akasema mtu wa nyuma.

"Bakuli litammaliza," akasema Hadija. "Kikombe. Kile cha uji."

Wakakubaliana kikombe. Nikachambua bila kuinua kichwa mpaka saa tano, halafu nikachukua kikombe changu cha bati, nikapita turubai kwa turubai, nikamtilia kila shahidi mbaazi safi za kikombe kimoja. Hadija alichungulia cha kwake akatafuta jiwe. Mama Sosthenes akanikamata mkono kabla sijaondoka.

"Mtihani wako ni lini, mama Elineema?"

"Mwezi wa kumi na moja."

"Siku hizo utatuambia mapema," akasema. "Tujue ni mifuko mingapi."

Mwisho nikafika turubai letu. Brightness alikuwa anapepeta. Nikachota kikombe chake, na nitasema ukweli hapa pia, mkono wangu ulitaka kupunguza kidogo, punje chache tu, ambazo hakuna mtu angeziona. Nikauacha utake. Nikakijaza mpaka mbaazi zikaanza kumwagika pembeni, nikamimina kwenye mfuko wake.

"Umezidisha," akasema.

"Hicho kilichozidi ni cha upindo."

Akaangalia sketi yake, akaangalia mbeleko mgongoni kwangu, ambako Elineema alikuwa amelala.

"Upindo huo utaushona wewe," akasema. "Kwa uzi mwekundu."